Kuhusu Lile Bango la Wembe

Gikondo, Kigali

Mke wangu Mama Salma,

Assalamu alaykum. Najua u mzima, maana dada yako Mwajuma kaniambia una nguvu za kutosha kuifungia namba yangu isikupate. Salma je, kile kikohozi kimekwisha? Mimi mwili hauna neno, kichwa ndicho kinachouma, na kinauma kwa sababu yako. Barua hii nampa dereva wa basi la Kigoma, kwa kuwa barua huwezi kunikatia kabla sijamaliza kusema.

Nianze na kampuni yenyewe, usije ukasema nakuficha. Nilipofika huku ilikuwa chumba kimoja tu Rwezamenyo, kwa shangazi yake bosi. Bosi ni kijana wa Kinyarwanda aliyekulia Uganda, shingo nzima vipele vya ndevu. Akaona wanaume wengi wana tabu hiyo na wanaona haya kuulizia dawa dukani mbele za watu. Basi akabuni: unajiandikisha kwa simu mara moja, kisha kila mwezi hela inakatwa yenyewe na sanduku linakufuata kwa pikipiki, lina nyembe, sabuni ya povu na mafuta ya kupaka baada ya kunyoa. Tulimcheka. Nani atalipia wembe kama anavyolipia king'amuzi? Haya, leo tuna ghala zima hapa Gikondo, pikipiki zinapishana mlangoni, na mimi nilitolewa kwenye kufunga masanduku nikapewa simu za wateja.

Simu zenyewe, acha tu. Kuna mzee mmoja wa Kanombe hunipigia kila sanduku likifika. "Mwanangu, nyembe iko mingi kuliko ndevu! Munanitumia kama niko na kiwanda ya ndevu!" Namwambia, mzee, basi tusimamishe? "Hapana! Ile mafuta bibi yangu anaipenda sana." Sasa mtu kama huyo utamfanyaje? Na ndio hao wanaoikuza kampuni, hawataki na hawataki kuacha.

Sasa bango. Bosi alikodi mtu wa kupigwa picha, mtu hakutokea. Akanitazama mimi. "Wewe Mtanzania uko na uso safi. Kaa hapo." Nikakaa, nikidhani nitashika wembe mwenyewe. Mara akaitwa Goreti, dada wa Kirundi anayeshika hesabu zetu, akaambiwa aninyoe. Nikasema jamani, nina mke! Goreti naye akalalamika, "Na mimi niko na mchumba, patroni!" Bosi akacheka, eti ni picha tu. Wallahi ule wembe ulikuwa mpini mtupu, makali wameyatoa. Wakanipaka povu mpaka puani, wakapiga picha yao, nikarudi kwenye simu zangu nikasahau.

Ningejuaje kwamba kaka yako, kinyozi, mtu mzima na akili zake, ataagiza sanduku kutoka huku, akute bango ndani, alibandike kando ya kioo chake? Ukuta umejaa mitindo ya nywele, yeye katikati anaweka shemeji yake ananyolewa na mwanamke! Halafu anakuita uje uone! Huyo ni ndugu au mwendesha mashtaka?

Nikadhani ni wivu, nami nikakasirika. Wivu wa mpini mtupu? Mpaka juzi Mwajuma aliponieleza ulichosema: "Msichana simjali. Lakini kafumba macho." Hapo nikaelewa. Tangu tuoane, kila Alhamisi jioni unaninyoa pale uani kwa mkono uliofunzwa na marehemu baba yako, na ni wewe uliyeniambia mtu hafumbi macho mbele ya kinyozi asiyemwamini.

Mama Salma, povu liliniingia machoni! Ni povu la mnanaa, linawasha kuliko pilipili. Kwenye bango unaona mtu katulia, kumbe mimi natafuta maji. Goreti ndiye aliyenimwagia, kikombe kizima, shati likalowa.

Sasa bosi anataka picha hiyohiyo ikae juu ya kila sanduku. Wateja wameipenda, anasema. Mwenye uso angekuwa msimamizi wa ghala, na angepewa nyumba ya kukaa na familia yake, yaani wewe na Salma, mwisho wa kuishi kwa simu. Jana nimemwambia hapana. Akanishangaa. "Kwa sababu ya macho?" Nikamwambia ndiyo, kwa sababu ya macho. Nimerudishwa kwenye kufunga masanduku.

Nisalimie mama mkwe, umwambie dawa yake ya miguu naitafuta. Msalimie Mwajuma, umpe pole kwa kazi ya ujumbe tuliyomtwika bila kumwuliza. Jirani yetu fundi cherehani pia. Kaka yako kinyozi msalimie wa mwisho kabisa, na abandue lile bango.

Hasira zangu bado ninazo, usidhani zimekwisha. Nyumba ile nilikuwa nimeshaipitia, nikaona mahali pa kuweka kitanda cha Salma. Nimeikataa kabla sijajua kama nina mke bado. Pokea simu.

Mumeo,
Baba Salma