Gambuti na Kabureta Mpya

Nekesa mjukuu wangu,

Huku Kibomet sisi wazima. Nyanya yako anapalilia mahindi na goti lake limetulia. Umeniuliza kama fundi akiityuni injini ya pikapu yako itapunguza kunywa mafuta.

Nikiwa kijana nilibeba maziwa kwa pikapu, Kitale hadi Bungoma. Fundi Saidi akanifungia kabureta nyingine, akaniahidi nitaokoa petroli. Wapi! Ikanywa kuliko mwanzo. Nikamrudia nikifoka. Akaketi kando yangu, tukaenda hadi Kamukuywa. Injini ilikuwa na nguvu mpya, kwa hivyo nikapita kila gari lililokuwa mbele. Yeye akawa anatazama gambuti zangu, buti nzito za mpira, zikikandamiza mafuta. Tulipogeuza ndipo akasema, "Sasa vua gambuti, bana."

Miguu mitupu, nikaisikia injini kwenye unyayo, nikakanyaga polepole. Jioni tangi lilikuwa na petroli ya safari ya kesho.

Kwa hivyo ipeleke, mama. Fundi atafanya yake, lakini mguu ni wako. Mimi hadi leo navua viatu nikishika usukani. Nyanya yako anadhani nachunga kapeti isichafuke. Usimwambie.

Ni mimi babu yako, dereva wa maziwa.