Harusi Niliyokaa na Buibui

Mjukuu wangu Rahma,

Asalaam aleikum. Huku Mji wa Kale sote tu wazima, alhamdulillahi. Goti la mamako mdogo limepoa, na paa la jikoni limezibwa kabla ya mvua.

Umeniuliza kama usiende harusi ya rafikiyo kwa kuwa huna uwezo wa kushona sare. Mimi, mwanangu, harusi ya binamu yangu Salma, niliyelelewa naye pamoja, nilikwenda bila sare. Kazi ya babu yako bandarini ilikuwa imelegea, hayo tuyaache. Wanawake walivua mabuibui mlangoni, wote wamevaa kijani kimoja. Mimi langu sikulivua, kwa kuonea haya gauni langu la Idi iliyopita. Joto likanipika. Kila aliyeniuliza nilimwambia nina homa.

Mamake Salma akaniletea maji ya ndimu, akaketi karibu nami.

"Vua, mwanangu," akaninong'oneza. "Hili gauni langu la kijani nililivaa harusi ya dadangu. Nimefumua upindo tu."

Nikatazama. Kweli, mstari wa upindo wa zamani ulikuwa ungali waonekana. Mamake bibi harusi mwenyewe, wala haoni haya. Nikaona haya mara mbili, na bado sikuvua. Salma akaniita tucheze, nikatikisa kichwa.

Leo sare zile zote zimekuwa matambara. Salma ametangulia mbele ya haki, na harusi yake sikuicheza.

Nenda na gauni ulilo nalo. Buibui livue mlangoni.

Bibi yako,
Mwanaisha