Kware Hapandi Trela

Jumapili, 26 Machi

Mama na Babu wamebishana tena kuhusu Kware. Mezani, mbele ya pai!

Kware ni gari la Babu la kupandia majabali. Fupi, la kahawia, milango inafungwa kwa teke. Kila Pasaka tunakwenda naye Moab, kwenye majabali mekundu: gari-nyumba mbele, Kware nyuma. Babu humkokota juu ya magurudumu yake mwenyewe, kwa mkono wa chuma. Mama anataka trela. Unampandisha, unamfunga mikanda, basi. Hakuna gia ya kukumbuka.

Babu: gari lenye miguu yake libebwe ya nini?

Mama: kwa sababu mwenye gari anasahau, Baba.

Nikatazama sahani yangu.

Ni kweli alisahau. Oktoba alimkokota Kware hendibreki ikiwa juu. Moshi ukatoka, breki zikaungua. Bibi alipokuwa hai hakikusahauliwa kitu. Bibi alisimama pembeni akiita kwa sauti, "Pini!" na Babu anajibu, "Imo!" "Minyororo!" "Imo!" Mpaka mwisho. Kambi nzima ilisikia. Tangu Bibi afariki Babu anafunga peke yake, kimya kimya.

Mama amesema: kosa moja tu safari hii, na Kware anapanda trela. Babu akasema basi afadhali amwuze kabisa. Babu hatanii akisema hivyo. Na bila Kware hatakwenda Moab. Bila Moab sijui atatoka nyumbani kwa sababu gani.

Nilitaka kusema kitu. Nikaondoa sahani.

Jumatano, 29 Machi

Bi. Tafoya alinitaka nisome insha yangu mbele ya darasa. Nilisoma. Huko nyuma wakapiga kelele, "Sauti, Maren! Sauti!" Nikasoma kwa sauti ndogo zaidi — sijui kwa nini mwili wangu hufanya hivyo. Bi. Tafoya akaimalizia yeye. Alisema ni insha nzuri sana. Ikiwa kinywani mwake, ndiyo.

Jumamosi, 1 Aprili

Tumelala Gunnison. Niandike yote kabla sijajidanganya.

Tumeondoka nyumbani Pueblo asubuhi, sisi na Mzee Virgil na mkewe Bi. Lorraine. Mzee Virgil ni rafiki wa Babu tangu kiwanda cha chuma. Yeye ni mtu wa trela. Gari lake limekaa juu ya trela kama bibi harusi, halina hata tope. Hata kabla ya kupasha injini walishaanza, Mzee Virgil kwanza, akimwita Babu kwa jina:

— Orrin! Bado unamburuta huyo mbwa kwa shingo?

— Na wewe bado unambeba wako mgongoni? Mfundishe kutembea, mtu mzima huyo!

Mchana tulisimama Salida kula pai. Babu aliingia uwanja wa nyuma wa mgahawa. Haukuwa na mlango wa pili! Hapo ndipo ubaya wa kukokota ulipo: huwezi kurudi nyuma. Ukijaribu, gari la nyuma linakunja magurudumu na mkono wa chuma unapinda. Lazima ufungue kila kitu, ugeuze kila gari peke yake, ufunge upya. Mzee Virgil aligeuza trela yake polepole, akatoka, akarudi kwa miguu kutazama. Mikono mfukoni.

— Pole, ndugu yangu. Trela ina kinyumenyume, unajua?

— Trela ina maneno mengi, kama mwenyewe.

Kuna desturi ambayo kila mtu kambini anaijua: mtu akifunga gari humsemeshi. Hata salamu ngoja. Mzee Virgil anaijua vizuri, ila utani ulimnogea. Babu akafunga huku anajibu. Pini, utani. Minyororo, utani. Waya wa taa. Akacheka mpaka akajifuta macho, akapanda mbele. Mama alishakaa karibu naye.

Kazi yangu ni moja. Gari-nyumba linasogea kidogo, mimi natazama magurudumu ya Kware. Yakizunguka, nainua dole gumba.

Ya mbele yalizunguka. Ya nyuma hayakuzunguka. Yalikuwa yanaburutwa kwenye changarawe, yanachora mistari miwili. Hakutia fri, gia inayoyaacha magurudumu huru! Gia ya fowili, ile ya magurudumu manne, aliiacha vilevile. Wangeondoka hivyo na kupanda mlima, giaboksi ingesagika kabla ya kufika kwenye theluji.

Nilifungua kinywa. Hakuna kilichotoka. Kabisa! Gari linasogea, mistari inarefuka, na mimi nimeachama kama samaki. Nikakimbia nikapiga ubavu wa gari-nyumba kwa kitabu changu. Pa! pa! pa!

Likasimama. Mama akachungulia dirishani. Kuna nini?

Nikasema, "Jiwe."

Hilo lilitoka vizuri sana.

Babu alishuka. Akatazama mistari. Akanitazama. Akafungua mlango wa Kware, nikasikia gia ikiingia fri, klak. Alipopita karibu yangu alisema polepole, "Jiwe kubwa." Kisha akaificha mikono kwapani.

Mlimani Mama aliimba. Alifurahi kwamba safari inakwenda vizuri.

Jumapili, 2 Aprili

Baridi. Theluji pembeni mwa kambi. Naandika ndani ya Kware kwa sababu ndipo nilipoambiwa nisubiri.

Wakati wa chai Babu aliweka kikombe chini akasema, "Leanne, jana halikuwa jiwe." Akamweleza Mama yote. Hakujitetea. Hakumtaja hata Mzee Virgil.

Nilidhani Mama atapiga kelele. Hakupiga. Aliniuliza kama niliona. Nikaitikia kwa kichwa. Akaniuliza mbona sikuita. Nikainamia kikombe changu, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza kuliko uongo wenyewe. Akavaa koti akaenda kwa Mzee Virgil.

Sasa trela ya Mzee Virgil iko tupu, tayari kwa Kware, mbao zake za kupandia zimeshushwa. Bi. Lorraine ataliendesha gari lao barabarani mpaka Moab. Mzee Virgil mwenyewe hana utani leo. Amesimama na kofia mkononi.

Babu alimwambia Mama jambo moja tu: "Mama yako alikuwa akiniita. Mwache Maren aniite."

Mama alicheka, lakini si kicheko. "Maren? Baba, huyu mtoto hata pizza haagizi kwa simu."

Kweli. Siagizi.

Mama akafikiri sana. Halafu akasema, haya. Mara moja tu. Yeye atasimama kule kwenye trela, ng'ambo ya uwanja. Maren aite kila kitu kama Bibi. "Nikisikia kila neno, mnakokota. Neno moja lisiponifikia, Kware anapanda hapa, na mambo ya Moab tutayazungumza tukirudi."

Ameshafika kule. Ni mbali! Upepo unatoka kwake kuja kwangu. Watu wengine wa kambini wametoka na vikombe vyao wanatazama, na hakuna anayesema neno, maana Babu ameinama kwenye mkono wa chuma.

Pini. Minyororo. Taa. Usukani. Fri. Hendibreki. Nayajua. Nimeyajua tangu nina miaka minne, nimekaa begani kwa Babu nikimsikiliza Bibi.

Nimejaribu humu ndani kwanza, madirisha yamefungwa. "Pini." Kioo kimeingia ukungu mbele yangu.

Tena. "Pini!"

Babu, ambaye sikio lake la kushoto ni bovu, ameinua kichwa. Amegeuka. Anaangalia nani ameita.