Muda Niliouandika kwenye Kichupa cha Dada

Mpendwa mshauri, kabla sijakuomba msaada ujue kwanza unayesoma barua yake ni nani: mimi ndiye binadamu mwenye miguu mepesi kuliko wote waliowahi kubeba damu ya watu, na kuishia darasa la saba hakujanizuia kufanya kazi na madaktari wenye vyeti vya kujaza ukuta, tena wao wenyewe wananiita Duma. Nachukua kasha la barafu lenye vichupa vya damu kutoka kliniki ya moyo mpaka maabara ya utafiti, dakika kumi na moja, na lifti siigusi, lifti ni ya wazee.

Utafiti wenyewe naujua nje ndani. Daktari mkuu, tunayemwita Miwani, alinieleza hivi kwa kuwa anajua dada yangu ni fundi cherehani: vinasaba ni oda aliyoandikiwa fundi, protini ni nguo yenyewe. Oda inaweza kuwa na kosa na nguo ikatoka salama, kwa hiyo wanapima vyote viwili, waone kosa lipi linaua na lipi limelala tu. Damu ya vinasaba haina haraka. Ile ya protini joto huila, ndiyo maana naandika kwenye kichupa muda niliofika, na ikizidi saa moja inamwagwa, mgonjwa anachomwa upya.

Sasa dada. Mama alikufa kwa moyo siku aliyonizaa, na mama mdogo naye hivyohivyo alipomzaa mtoto wake wa kwanza, kwa hiyo dada, aliyenibeba mgongoni akiwa na miaka kumi na miwili, ameolewa miaka sita na hajathubutu kushika mimba. Mimi ndiye niliyempeleka akatolewa damu. Majibu yakaja: oda ina kosa, bila shaka lilelile la mama, lakini ile protini inayopanda moyo ukielemewa iko chini kabisa. Miwani akamwambia, "Nguo yako imetoka sawa, mama. Zaa, kisha tuonane." Shemeji alilia mbele za watu. Dada akanipiga kofi la kisogo: "Wewe mpuuzi, tangu uzaliwe leo ndiyo mara ya kwanza umeniletea habari njema!"

Ana mimba ya miezi saba. Analalia mito mitatu. Juzi nimemkuta amekaa kwenye ngazi ya tatu anajifanya anafunga kamba za viatu, na ndala hazina kamba.

"Dada, vipi?"

"Mimba hiyo, Duma. Wewe unajua nini?"

Nilichotaka kukuuliza ni nitumie ujanja gani apimwe tena bila kujua sababu, maana siku ile alipotolewa damu kulitokea hitilafu ndogo kwenye kasha, barafu iliyeyuka, bahati mbaya tu. Nimeandika hivyo, nimefuta, nimeandika tena. Ukweli ni kwamba mlinzi wa geti alinitania kwamba duma hajui drafti, nikaweka kasha juani kwenye benchi lake nikamfunga michezo minne, na niliposhtuka saa tatu zilikuwa zimepita. Vichupa vilikuwa kumi na viwili. Cha dada nilikiona, jina lake liko juu. Nikachota barafu mpya, nikaandika kwamba nimefika kwa dakika kumi na moja.

Ni mimi, Duma

*

Wewe Duma,

Unataka ujanja? Ujanja ndio uliomfikisha dada yako kwenye ngazi ya tatu.

Ulikuwa mtoto, hukumuua mama yako, na kama hilo ndilo linalokufunga mdomo, liweke chini. Lakini hili la kalamu ni lako, halina bahati mbaya ndani yake. Kumwaga kichupa kungemgharimu dada sindano moja.

Usisubiri kipimo kipya. Mjamzito mwenye historia hiyo, anayelalia mito mitatu ili apate pumzi, hupelekwa hospitali leo, na mlangoni useme kwa sauti: mama yake na mama yake mdogo walikufa kwa moyo katika uzazi, na majibu aliyopewa si ya kuaminika. Mwambie shemeji yako kabla hamjatoka nyumbani. Mwambie dada mwenyewe, kwa maneno uliyoniandikia, bila drafti kugeuka ajali. Atakutukana. Umshike mkono mkiwa mnatembea.

Kisha nenda kwa Miwani. Umetaja vichupa kumi na viwili, ukamlilia mmoja. Wale kumi na mmoja nao wana dada zao, na huenda nao wameambiwa nguo imetoka sawa. Kazi utaipoteza, na ni haki uipoteze. Nenda hivyohivyo.

Nimepiga namba uliyoiweka chini ya barua, leo mara tano, haipatikani. Ndiyo maana nakujibu hapa gazetini, mbele ya watu, na anayemjua kijana huyu amkimbilie. Barua yako ina tarehe ya siku tisa zilizopita. Naamini safari hii umeandika muda wa kweli.