Usilipie Gari la Ishmael

S.L.P. 73,
Kanyakine.
Tarehe 19 Agosti, 1998.

Mpendwa shemeji Mwirigi,

Pokea salamu zetu, nikitumaini huko Gaborone mu wazima, wewe na wanafunzi wako wa hesabu, na ile baridi uliyoilalamikia imepungua. Nakuandikia nikiwa hapa kwenu, maana shule zimefungwa na nimekuja na Regina. Dada yako ni mzima, ila ana hasira tangu Jumamosi, na akisonga ugali ni sufuria inayopigwa. Mama miguu bado inamvimba. Maharagwe tumeyavuna, si haba.

Sasa nisikuzungushe. Kama hujatuma pesa za lile gari, usitume. Kama umeshatuma, nenda benki kwanza, barua utaimalizia njiani.

Uliniomba nilitazame kabla hujalipa, kwa kuwa ndilo litakalompeleka Mama kliniki kila baada ya wiki mbili. Jumamosi nilimleta Antony Njiru, fundi wa Embu anayeyajua haya magari ya Kijapani yenye kompyuta. Tulipofika tukakuta gari limeshaombewa! Mchungaji aliliwekea mikono Ijumaa, boneti ikiwa imefungwa. Pikapu jeupe, limeoshwa likang'aa, hata magurudumu yamepakwa mafuta.

Ishmael mwenyewe, anayeliuza, alikuwa ameketi na Mzee wako wakinywa uji. Akatuambia kwamba tangu gari lishuke melini halijabeba kitu kizito kuliko Biblia yake. Nikaomba ufunguo. Mzee akaniangalia kana kwamba nimetema mate mezani. "Mkwe wangu," akasema, "mimi na Ishmael tulitahiriwa siku moja. Mtu wa rika yangu hachunguzwi kama mbuzi ya soko." Nawe wajua mkwe hana sauti katika boma la wakwe. Nikala ndizi zangu. Lakini nilichukizwa, shemeji, kwa sababu yule mtu aliinamisha uso akatabasamu ndani ya kikombe.

Aliyetuokoa ni Mama. Alitoka jikoni na fimbo yake, akasimama mlangoni. "Hiyo rika ni yenu," akasema. "Mimi sikutahiriwa na Ishmael, na ni mimi nitakaa ndani ya hiyo gari. Antony, fungua." Regina ilibidi ageuke aangalie ukuta, asionekane akicheka.

Antony hakuanza hata na boneti. Alipiga magoti upande wa abiria, akabandua plastiki iliyo chini ya dashibodi, akatoa kisanduku cha bati kinachotoshana na kitabu cha nyimbo za kanisani. Hiyo ndiyo kompyuta ya injini, inayoamua petroli iingie kiasi gani na plagi zipige cheche wakati gani. Vichwa vya skrubu vilikuwa vimeliwa na bisibisi, na ile rangi ambayo kiwanda huitia juu kama muhuri ilikuwa imepasuka. Ndani, kila kitu kimechomelewa kwa mashine, safi kabisa, isipokuwa kipande kimoja cheusi katikati, kinachohifadhi amri zake. Hicho kilichomelewa kwa mkono, risasi ya kuchomelea imemwagika ovyo pembeni yake. "Hii ya kiwanda ilitolewa, ikawekwa ingine," Antony akasema.

Hakutaka kumsingizia mtu, kwa hiyo akaliwasha. Alinieleza kwamba kompyuta isiyochezewa hukata mafuta mara injini ikizidisha mbio, mshale ukifika kwenye nyekundu, ili injini isijiue. Hii haikukata. Mshale ulipita nyekundu na injini ikaendelea kulia mpaka Antony mwenyewe akaondoa mguu. Tukapanda nalo kilima cha kanisani, injini ikawa inagonga njia nzima. Plagi zilipofunguliwa zilikuwa zimeungua kwa joto la kupita kiasi, nyeupe kama chokaa.

Mimi nami nikavuta mkeka nyuma ya kiti. Maganda makavu ya mgomba, yale ya kufungia miraa, na vijiti vyake, tele. Ni Biblia gani hiyo inayofungwa kwa mgomba? Antony akajifuta mikono. "Mwalimu, hii si gari ya kubeba mgonjwa. Hii ni ya kukimbiza ndege." Kumbe ni mojawapo ya yale magari yanayotoka Kangeta na miraa yakishindana kufika uwanja wa ndege Nairobi, na Antony alikadiria limefanya kazi hiyo miaka miwili, mikononi mwa Ishmael huyo huyo. Siku yoyote lingemwacha Mama korongoni, injini imepasuka.

Unajua Ishmael alijibu nini tulipomwuliza? Hata hakuona haya. "Ni kweli tuliiongezea nguvu kidogo. Si ni vizuri? Mama atafika hospitali haraka." Hebu fikiria, shemeji. Mtu anamtazama mwanamke aliyevimba miguu, mke wa mwenzake wa jando, amekunywa uji wake, halafu anasema hivyo. Mzee aliingia ndani akafunga mlango mchana kweupe.

Jumatatu Ishmael alirudi na furushi la miraa, ile nzuri kabisa, imefungwa kwa heshima kama inavyopelekwa kwa wazee mtu akitaka kusamehewa. Ukilipokea, maneno yamekwisha. Mzee alilipokea kwa mikono miwili, nikadhani basi, rika limeshinda. Akatembea nalo taratibu mpaka zizini, akalifungua, akawatupia mbuzi. Walilimaliza huku Ishmael akitazama.

Kesho ni Alhamisi. Nitampeleka Mama mwenyewe kwa kigari changu, kinachopanda mlima kwa maombi lakini hufika. Antony ameahidi kututafutia lingine, na safari hii boneti itafunguliwa kabla ya mchungaji kuitwa.

Mama anakusalimu, anasema ule mboga, si nyama tu. Regina anakusalimu, na Nkirote wetu mdogo anauliza Botswana kuna tembo wangapi. Mungu akufunike huko ugenini, akurudishe na meno yako yote.

Mzee ameketi hapa karibu nami. Amesema niandike kwamba ile barua yake ya Julai, iliyokwambia gari ni safi, uichome.

Ishmael naye alisema nikusalimie. Salamu zake ziliishia zizini.

Ni mimi shemeji yako akupendaye,
Ndwiga