Albamu ya Baba Si ya Kugawiwa Wageni

Chanika

Mama, shikamoo.

Magoti yameanza kupoa? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia, itumie kweli, usiifungie kabatini. Mie mwili mzima, moyo ndio unaochemka. Naandika kwa sababu kwenye simu kila nikianza habari za ba'mdogo unanikatiza, "Huyo ni baba yako." Barua huwezi kuikatiza.

Unaijua albamu ya marehemu baba, ya stempu za kale za barua za angani, zenye picha za yale maputo marefu kama meli, yaliyobeba abiria kabla ndege hazijaenea. Kiharusi kilipomnyang'anya maneno, albamu ile ndiyo ilikuwa mazungumzo yetu. Ananionyesha kwa kidole, naichomoa stempu kwa kibano, namsogezea machoni, anacheka. Tangu afariki nazikusanya mie. Kila nikipata mpya, naona kama nimempelekea.

Basi ba'mdogo akaja kuiazima. "Niitazame tu, nimkumbuke kaka yangu." Nikampa. Wiki haijaisha, ananipigia mwenyewe anajisifu: kampa mgeni mmoja, mzee wa Kizungu, kwenye hoteli ya Kunduchi anakotembeza watalii. Kampa zawadi! Anajifanya mkarimu kwa mali ya marehemu!

Nilikwenda hotelini siku hiyohiyo. Nikawakuta wanakunywa chai. Nikamwambia mgeni, "Albamu ile ya baba yangu. Huyu hakuwa na ruhusa kuitoa."

Ba'mdogo akanivuta mkono. "Unanidhalilisha mbele za watu kwa ajili ya vikaratasi?"

Mgeni, kwa Kiswahili chake cha kubabaisha, akaniuliza, "Baba amekufa?" Nikaitikia. Akainuka, akaenda chumbani, akanirudishia huku akiomba samahani. Lakini ile ya buluu, puto likipita juu ya milima, ambayo baba alikuwa akiionyesha kwanza kila siku, alikwishampostia mjukuu wake. Imekwenda. Nililia palepale, Mama, na hayakuwa machozi ya huzuni.

Sasa ba'mdogo anasema haniozeshi mpaka niende na wazee kumwomba radhi. Nawe unanihimiza niende, eti maneno yaishe. Siendi! Mgeni asiyenijua kaomba samahani, ndugu wa damu anataka aombwe yeye! Na usiniambie tena kwamba ndiye walii wangu. Kaka Hamisi yupo, mtoto wa baba yangu, mtu mzima mwenye ndevu zake. Nimeongea naye. Kasema, "Mdogo wangu, nitakuozesha mie." Ndoa iko palepale. Ba'mdogo akitaka, aje ale pilau kama mwalikwa mwingine yeyote.

Mtasema Dar imeniotesha mdomo. Semeni.

Nisalimie bibi mzaa baba, mwambie gauni lake la harusi nalishona mwenyewe. Nisalimie mke wa kaka na mama mkubwa hapo jirani. Ba'mdogo akipiga simu kuniulizia, mwambie nimekuandikia wewe, si yeye.

Mwanao, mwenye hasira na anayekupenda,
Mwanaidi