Kishimo cha Darryl Kilichopauka

Merv, nimefanya upumbavu.

Unajua siku hizi naosha vyombo vya maabara hapa Townsville. Leo wamepima damu ya Darryl wetu, yule aliyepandikizwa figo, wakitafuta ile protini inayopanda mwili ukiikataa figo mpya.

Nikachungulia sahani ya vipimo, kila mgonjwa na kishimo chake, nikidhani njano ndiyo protini yenyewe. Vishimo vya wengine njano kali, cha Darryl kimepauka. Nikampigia mkewe hapo hapo: "Noelene, figo imekubali!" Akalia kwa furaha.

Thuy, mpimaji, alikuwa nyuma yangu.

"Mzee, tangu lini umekuwa mpimaji? Hapa protini ya mgonjwa inagombea nafasi na ile tuliyoipaka rangi. Ya mgonjwa ikiwa nyingi, yenye rangi inakosa pa kukaa."

"Kwa hiyo kupauka..."

"Kupauka ndiyo imejaa."

Imejaa, Merv. Kupauka ndiyo imejaa.

"Mpigie wewe, kabla daktari hajampigia," akasema.

Nimekaa kwenye ngazi na simu. Noelene akawahi kupiga yeye. Jumapili anaalika mtaa mzima, anauliza nipikiwe kondoo au kuku.

Nimemwambia kuku.